Busia Imevuna Elimu. Ghala Liko Wapi?

Taja Busia au Malaba mbele ya Mkenya wa kawaida, naye ataona malori. Ataona misururu ya magari ya mizigo yatokayo bandari ya Mombasa, yakingoja kuvuka kwenda Uganda, Rwanda na Kongo. Ataona wabadilishaji fedha wenye mabunda ya noti mikononi, akina mama wenye vikapu vya samaki, na waendesha boda boda, ambao inasemekana jina lao lilizaliwa papa hapa enzi za kuvusha abiria kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Picha hiyo si ya uongo, lakini ni nusu ya picha. Iko bidhaa moja ambayo imekuwa ikitoka Busia kwa zaidi ya robo karne bila kulipiwa ushuru wala kuandikwa katika daftari la forodha, na ambayo thamani yake yafahamika zaidi Stockholm na Washington kuliko Nambale na Amukura. Bidhaa hiyo ni elimu.

Sikusudii elimu ile ya kukariri kutoka ubaoni. Nakusudia elimu mpya, ile ambayo kabla ya kutafutwa hapakuwa na mtu yeyote duniani aliyekuwa nayo. Tarehe 14 Oktoba 2019 ilitangazwa nchini Sweden kwamba Tuzo ya Nobel ya uchumi imetunukiwa Abhijit Banerjee, Esther Duflo na Michael Kremer, kwa sababu ya njia yao ya kuchunguza umaskini kwa majaribio. Katika maelezo yaliyofuatana na tangazo hilo zilitajwa shule za magharibi mwa Kenya. Shule hizo ni zipi? Nyingi ni zile za msingi za Busia na Teso, zenye sakafu ya udongo na mwembe uwanjani, ambazo watoto wake walihesabiwa, wakapimwa na kuulizwa maswali tangu katikati ya miaka ya 1990.

Katika kuandaa makala haya nilipita njia ya kutoka Busia hadi Malaba, nikazungumza na watu wanaofanya kazi ya utafiti au waliowahi kuifanya. Sitawataja kwa majina, kwani ninachokitafuta ni kazi yao na yale iliyowafunza. Nilikuwa na swali moja kwa kila mmoja: ulitafuta nini, ukapata nini, na aliyekupa jibu aliambiwa nini?

Wa kwanza alikuwa msaidizi wa utafiti, mtu wa makamo ambaye ujana wake wote aliumaliza juu ya baiskeli na pikipiki katika barabara za Funyula na Budalangi. Yeye alishiriki katika mradi wa dawa za minyoo ulioanza mwaka 1998. Mradi huo uliendeshwa na shirika la Kiholanzi liitwalo ICS kwa ushirikiano na ofisi ya afya ya wilaya, katika shule 75 zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Vipimo vya mwanzo vilikuwa vya kutisha. Zaidi ya watoto tisa katika kila kumi walikuwa na minyoo ya aina moja au nyingine: safura, minyoo ya mviringo, minyoo mjeledi, au kichocho kwa wale waishio karibu na ziwa. Zaidi ya theluthi moja walikuwa na minyoo kwa kiwango cha wastani au kikubwa.

Shule hizo zilipangwa katika orodha kwa mfuatano wa herufi, kisha zikagawanywa katika makundi matatu ya shule 25. Kundi la kwanza lilianza kupewa dawa mwaka 1998, la pili mwaka 1999, na la tatu likangoja hadi mwaka 2001. Hapo ndipo penye siri ya njia yenyewe. Maadamu hakuna aliyechagua shule ipi itangulie kwa sababu ya utajiri wake, umaarufu wa mwalimu mkuu au ujamaa na mbunge, makundi hayo matatu yalikuwa sawa tangu mwanzo. Tofauti yoyote iliyotokea baadaye ingeweza kuhusishwa na dawa.

Nilimwuliza kama ilikuwa haki kuwaacha watoto wa kundi la tatu wakingoja ilhali wagonjwa. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba swali hilo aliulizwa na wazazi mara nyingi kuliko lilivyoulizwa na wasomi. Jibu lake lilikuwa kwamba fedha na watu wa kuigawa dawa havikutosha kuzifikia shule zote kwa siku moja. Foleni ilikuwa lazima iwepo. Lililobaki ni kuamua kama foleni hiyo itapangwa kwa kujuana, kama foleni nyingi tunazozijua, au kwa utaratibu usiompendelea mtu. Ni jibu linalostahili kufikiriwa, hata na yule asiyeridhika nalo.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuhesabu. Alifika shuleni bila kutoa taarifa, akaingia darasani na kuhesabu waliokuwapo, mmoja mmoja, kwa majina. Daftari la mahudhurio hakulitegemea. Kwa maneno yake, daftari huonyesha darasa jinsi ambavyo mwalimu angependa mkaguzi alione, na mtafiti hana budi kuona kwa macho yake. Walimu wanaosoma makala haya watatabasamu, kwa maana wanajua asemalo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2004 na Edward Miguel na Michael Kremer. Utoro ulipungua kwa robo nzima katika shule zilizopewa dawa. Zaidi ya hayo, hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika, kwa kuwa wenzao walipopona waliacha kuyachafua mazingira kwa mayai ya minyoo. Hata hivyo jambo jingine, ambalo wengi hawapendi kulikumbusha, ni kwamba alama za mitihani hazikupanda. Mtoto alihudhuria zaidi, lakini kwa kipimo cha mtihani hakuonekana kujua zaidi. Mtafiti mwenye hila angelificha hilo, lakini hawa waliliandika.

Habari haikuishia hapo. Mwaka 2015 wataalamu wa chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine waliichukua hesabu ile ile na kuirudia upya. Wakathibitisha sehemu yake, na wakaonyesha makosa ya hesabu katika sehemu nyingine, hasa dai kwamba faida iliwafikia watoto wa shule za mbali. Ukazuka ubishi mkali ambao magazeti ya Uingereza na Marekani yaliupa jina la vita vya minyoo. Mapitio mengine ya majaribio kutoka nchi mbalimbali yalitilia shaka kama dawa hizo hugeuza sana afya na masomo ya watoto kwa ujumla. Wakati huo huo, watafiti wa mwanzo waliendelea kuwafuatilia wanafunzi wale, wapatao 7,500, katika utu uzima wao, kokote walikohamia, hata nje ya Kenya. Mwaka 2021 walichapisha kwamba, miaka 20 baadaye, waliopata dawa kwa miaka miwili au mitatu zaidi ya wenzao walikuwa na mapato ya saa yaliyozidi kwa asilimia 13 na matumizi yaliyozidi kwa asilimia 14.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa makusudi. Mwanafunzi wetu huambiwa kwamba sayansi ni kitabu cha majibu, naye huhitimu akidhani kwamba mwanasayansi ni mtu asiyepingwa. Kumbe hapa, katika shule za Samia na Bunyala, pana mfano kamili wa sayansi ilivyo: swali, kipimo, jibu, pingamizi, marekebisho, na swali jipya. Ubishi huo umesomwa katika vyuo vikuu vya mabara mengi. Je, umesomwa katika darasa moja la Funyula?

Huko huko Busia na Teso ulifanyika utafiti mwingine unaomhusu mwalimu hata zaidi ya minyoo. Mwaka 1996 shule 25 kati ya shule 100 zilipewa vitabu vya kiada vya Kiingereza, hesabu na sayansi, vile vile vilivyoidhinishwa na serikali. Nani angetilia shaka kwamba vitabu vitainua masomo? Lakini matokeo yalipopimwa, alama za wanafunzi kwa wastani hazikupanda. Walionufaika ni wale tu waliokuwa tayari wanaongoza darasani. Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin, waliouchapisha utafiti huo mwaka 2009, walieleza sababu inayoelekea kuwa ya kweli: vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto hao ni lugha ya tatu, na mtaala wenyewe ulitungwa ukimlenga mtoto wa aina moja, yule aliyebahatika.

Nilikizungumzia kisa hiki na mwalimu mmoja mstaafu wa upande wa Malaba, aliyefundisha zaidi ya miaka thelathini. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba jambo hilo walilijua wote katika chumba cha walimu. Mtoto aliyeamkia Kiteso, akacheza kwa Kiswahili, hawezi kufunuliwa kitabu cha Kiingereza darasa la nne na kutarajiwa kukimeza. Nikamwuliza kwa nini basi hawakusema. Akanijibu kwa upole kwamba walisema, ila hawakuwa na takwimu. Na takwimu zilipopatikana, akaongeza, hakuna aliyewarudishia.

Neno hilo lilinikaa moyoni. Mwalimu alikuwa na ujuzi usio na ushahidi. Mtafiti akaja akauchukua ushahidi katika darasa la mwalimu yule yule. Ushahidi ukasafiri, ukachapishwa kwa Kiingereza katika jarida lisilofika Teso. Na mwalimu akastaafu bila kujua kwamba alikuwa amethibitishwa kuwa sahihi. Huo ni upotevu mkubwa. Tungefanyaje kama mkulima angelima, akapalilia, akavuna, kisha gunia lote likapakiwa lorini bila yeye kubakiziwa hata kibaba?

Yupo atakayesema kwamba mwanakijiji hahitaji takwimu; mpe dawa, mpe maji safi, inatosha. Mwalimu huyo mstaafu alinikumbusha kisa kinachoijibu hoja hiyo. Mwaka 2001 ulianzishwa katika wilaya za Busia na Teso mpango wa kuwafadhili wasichana wa darasa la sita. Waliofanya vyema zaidi katika mitihani, asilimia 15 ya juu, walilipiwa karo na kupewa fedha za mahitaji ya shule kwa miaka miwili. Mwaka huo huo radi ilipiga shule moja ya msingi ya Teso na kuua wanafunzi saba. Shule hiyo haikuwamo katika mpango wa ufadhili, lakini shirika lililouendesha lilikuwa limeisaidia kwa njia nyingine. Uvumi ukaenea. Baadhi ya watu waliihusisha radi na shirika hilo, na shule kadhaa za Teso zikajitoa katika mpango.

Matokeo yake yamo katika vitabu. Upande wa Busia, alama za wasichana zilipanda, hata za wale wasio na matumaini makubwa ya kushinda. Wavulana, ambao hawakuahidiwa chochote, walielekea nao kufaidika. Na walimu wakapunguza kukosa kazini. Upande wa Teso, faida hiyo haikuonekana kwa uhakika. Ni rahisi kwa msomi wa mbali kuwacheka wazazi wa Teso na kuwaita washirikina. Mimi sithubutu. Mtu akija kwako na karatasi, akakuuliza una ng'ombe wangapi na mwanao anakula nini, akaandika, akaondoka, na usimsikie tena hadi siku ya msiba, utamfikiriaje? Pale penye pengo la maelezo, uvumi hujenga nyumba. Kumrudishia mtu matokeo ya utafiti ndiyo amana ambayo utafiti unaofuata utaihitaji.

Kati ya Busia na Malaba, kandokando ya barabara, pana mahali paitwapo Alupe. Kwa miaka mingi palijulikana kwa hospitali ya wagonjwa wa ukoma na kwa kituo cha malale. Leo pana kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Tiba, KEMRI, kituo cha utafiti wa kilimo, na Chuo Kikuu cha Alupe kilichopata hadhi kamili mwaka 2022. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, malori yaliposimama Malaba kwa kilomita nyingi madereva wakingoja majibu ya vipimo, maabara ya Alupe ilikuwa miongoni mwa zile zilizobeba mzigo huo. Dereva aliyelala siku tatu ndani ya lori lake hakujua kwamba kijana anayeshughulikia sampuli yake naye hakuwa amelala.

Mtaalamu mmoja wa mimea, ambaye kazi yake ni muhogo, alinielezea jinsi mpaka unavyoonekana kwa jicho lake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilizuka Uganda batobato la muhogo la aina kali isiyokuwa imezoeleka. Nzi weupe walilibeba kutoka shamba hadi shamba, nao wakulima wakalisambaza zaidi kwa kupeana vipando vilivyokwisha kuambukizwa. Katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa limevuka na kuingia Busia na Teso, na familia zilizotegemea ugali wa muhogo na mtama zikaona mashamba yakinyauka. Mwaka 1997 wanasayansi waligundua kwamba kirusi hicho kilitokana na virusi viwili vilivyochanganyika ndani ya mmea mmoja na kuzaa cha tatu chenye ukali mpya.

Lakini tiba nayo ilipita njia ile ile. Mbegu zinazostahimili ugonjwa huo zilitoka Uganda, zikajaribiwa Alupe, kisha zikasambazwa kwa wakulima wa upande wa Kenya. Mtaalamu huyo alisema kwamba somo alilolipata ni kuheshimu ulimi wa mkulima. Mbegu inaweza kuushinda ugonjwa na kuzaa kwa wingi, lakini ikiwa chungu, au unga wake haukubaliani na mtama katika sufuria, mama wa nyumbani ataitupa. Hivyo ripoti yake humalizika jikoni, baada ya wakulima wenyewe kuonja na kutoa hukumu. Yeye, kati ya wote niliozungumza nao, ndiye aliyekuwa na jibu jepesi kwa swali langu la tatu: aliyempa jibu alilipata jibu pia, kwa kuwa alilipanda shambani.

Mwisho nilizungumza na daktari wa mifugo ambaye amefanya kazi katika machinjio ya sehemu hizi. Kati ya mwaka 2010 na 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, wakiongozwa na Eric Fèvre, pamoja na wenzao wa KEMRI na wa taasisi ya utafiti wa mifugo, ILRI, walizitembelea kaya 416 za eneo hili wakiwapima watu na wanyama wao kwa pamoja. Wazo lao ni kwamba mtu na mnyama wakiishi uani pamoja, magonjwa yao hayawezi kusomwa katika maabara mbili zisizoongea.

Katika utafiti mwingine wa huku, nguruwe 10 wa wakulima wadogo walivishwa shingoni vifaa vya kuonyesha walipo kwa njia ya setilaiti. Wenye nguruwe hudhani kwamba wanyama wao huzurura nyuma ya nyumba tu. Kumbe kila nguruwe alitembea, kwa wastani, zaidi ya kilomita 4 katika saa 12! Msomaji anaweza kucheka, lakini jambo hili si la kuchekesha. Mtu mwenye tegu tumboni akijisaidia kichakani, nguruwe huyo mtembezi hula mayai ya tegu; nyama yake huota vifuko; anayeila bila kuiva vizuri hupata tegu. Na mtu yeyote, hata asiyeonja nyama ya nguruwe maisha yake yote, akimeza mayai hayo kwa mikono michafu au maji machafu, vifuko vinaweza kuota ndani ya ubongo wake na kumletea kifafa.

Ewe mwalimu, fikiri juu ya mtoto aliyeanguka darasani kwako. Wenzake wamekimbia, huenda hata wewe uliambiwa utotoni kwamba povu lake huambukiza, au kwamba familia yake imelaaniwa. Kifafa kina sababu nyingi, na vifuko vya tegu ni mojawapo tu. Lakini kama somo hili, lililopatikana katika nyua za Busia, lingefundishwa katika madarasa ya Busia, je, mtoto huyo asingeketi tena na wenzake siku ya pili? Choo, sabuni, nyama iliyoiva na nguruwe aliyefungiwa bandani vingeanza kutazamwa kama kinga ya ubongo. Haya ni maarifa yanayoweza kuokoa maisha kwa gharama ya chaki moja.

Sitaki kuwadhulumu watafiti. Baadhi yao huitisha baraza, hukabidhi ripoti katika ofisi za serikali, huwarudia wenye kaya na majibu ya vipimo vyao. Daktari yule wa mifugo aliniambia kwamba aliyekutwa na ugonjwa unaotibika alitibiwa au kuelekezwa hospitali. Hata hivyo ripoti ya kurasa mia moja, kwa Kiingereza, katika kabati la ofisi, haijamfikia mtu. Nilipouliza katika vyumba vya walimu vya shule tatu za njia hiyo ni nani aliyewahi kusikia habari ya Tuzo ya Nobel na shule za Busia, mikono miwili ilinyanyuliwa. Si kosa la walimu hao, kwani hakuna aliyewaletea habari.

Basi yafanywe nini? Kwanza, kila utafiti unaoingia shuleni au nyumbani uwe na deni la karatasi moja: matokeo yake kwa Kiswahili sanifu na chepesi, na inapowezekana kwa Kiteso, Kisamia au Kikhayo, yapelekwe kwa kila shule iliyoshiriki, hata kama matokeo hayo ni kwamba jambo halikufaulu. Kibali cha utafiti kisikamilike mpaka deni hilo lilipwe.

Pili, walimu wasingoje kuletewa. Mtaala wa umilisi unadai miradi ya wanafunzi. Miradi ipo mlangoni. Darasa la sayansi laweza kuchagua mistari miwili ya mahindi, mmoja ukatiwa samadi na mwingine usitiwe, na mstari upi utiwe ukaamuliwa kwa kurusha sarafu. Laweza kuhesabu waliohudhuria kila asubuhi kwa muhula mzima na kulinganisha siku za soko na siku nyingine. Mwanafunzi atakayefanya hivyo ataelewa makundi matatu ya shule 75 bila kuambiwa na profesa, kwa kuwa atakuwa amejifunza kuuliza swali ambalo jibu lake laweza kumpinga.

Tatu, vijana wa Alupe na vyuo vya ualimu wasibaki wabeba madodoso. Msaidizi wangu wa utafiti amehesabu watoto kwa zaidi ya miaka ishirini; jina lake, kama yamkini ya wengine wengi, huonekana katika mstari wa shukrani, herufi ndogo, mwisho wa makala. Hajalalamika kwangu. Aliniambia tu kwamba angependa binti yake, anayesoma takwimu, awe katika mstari wa juu.

Jambo hilo haliwi ndoto kwa mtu wa Busia. Calestous Juma alizaliwa Port Victoria, Budalangi, mwaka 1953. Alianza kazi akiwa mwalimu wa shule ya msingi, akawa mwandishi wa habari za mazingira katika gazeti, akaanzisha Nairobi mwaka 1988 kituo cha kuchunguza sera za teknolojia, na akafikia kuwa profesa wa Harvard kabla ya kufariki Desemba 2017. Mwaka 2016 alitoa kitabu kizima juu ya sababu zinazowafanya watu wapinge mambo mapya. Hoja yake kubwa ni kwamba watu hawaupingi upya kwa ujinga. Huupinga wanapohofu kwamba hasara itakuwa yao na faida ya wengine. Wazazi wa Teso wa mwaka 2001 wangemwelewa vizuri.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wenye madodoso wamekuja Busia kwa miaka mingi, na wenyeji wamepona mengi: dawa za minyoo zilianza kutolewa shuleni nchini kote mwaka 2009, na msingi mmoja wa uamuzi huo ulijengwa hapa. Lakini kupona ni jambo moja, na kuelewa umeponaje ni jambo jingine. Wizara iweke sharti, watafiti walipe deni, na walimu wafungue madirisha ya madarasa yao. Elimu hii ilivunwa kwa mikono ya watoto wetu; hapana sababu yoyote ya watoto wao kuisikia kwa mara ya kwanza wakiwa wanafunzi wa chuo kikuu ng'ambo.